Kichupa anakijua, mtoto bado: mafunzo ya mfamasia anayetaka kuchanja watoto

Siku ya mwisho ya kozi ya chanjo wanayosoma wafamasia wa Marekani, washiriki huketi wawili wawili. Mmoja hukunja mkono wa shati hadi begani. Mwenzake humpapasa ncha ya mfupa wa bega, hushuka chini kwa upana wa vidole viwili au vitatu, hupangusa ngozi kwa spiriti, kisha hudunga. Ndani ya bomba mna maji ya chumvi tu. Baada ya hapo hubadilishana nafasi. Katika kozi ya chama cha wafamasia cha nchi hiyo, mtu hapati cheti mpaka adunge mara mbili kwenye msuli na mara moja chini ya ngozi, mkufunzi akimtazama mikono.

Zoezi hilo ni zuri na limewafaa maelfu ya wafamasia, lakini lina pengo moja ambalo ndilo kiini cha mabishano nitakayoyaeleza hapa. Mkono unaodungwa ni wa mtu mzima, tena mwanataaluma, aliyejitolea mwenyewe na anayejua kitakachofuata. Haukakamai wala haunyakui sindano. Mwenye mkono huo hana mama pembeni anayeuliza kama kikohozi cha tangu juzi kinazuia chanjo. Wala hakuna mzazi atakayemtoa mwanawe achomwe maji ya chumvi ili mwanafunzi apate mazoezi, na hapaswi hata kuombwa. Kwa hiyo mfamasia anaweza kuhitimu kihalali kabisa, akatundika cheti ukutani, na mtoto wa kwanza atakayemchanja akawa ndiye mtoto wa kwanza aliyewahi kumshika kwa kazi hiyo.

Kuwafundisha wafamasia kuchanja si jambo jipya. Jimbo la Washington lilianza kuwapa wafamasia wake mafunzo rasmi mwaka 1994. Mwaka 1996 chama cha taifa kikatoa kozi yake. Na kufikia 2009 majimbo yote 50 yalikuwa yamekubali mfamasia atoe angalau chanjo ya mafua makali kwa watu wazima. Watoto ndio walioachwa kando, au tuseme kila jimbo liliamua lake. Kwingine mfamasia aliruhusiwa kumchanja kijana lakini si mdogo wake wa tumbo moja. Kwingine ilitakiwa karatasi ya daktari. Kwingine mtoto hakuguswa kabisa. Familia iliyohama kutoka jimbo moja kwenda la jirani ingeweza kukuta kwamba mwanao aliyechanjwa famasi mwaka jana, mwaka huu hastahili tena, ingawa ameongezeka umri.

Korona ndiyo iliyolazimisha mambo. Machi na Aprili 2020 wazazi wa Marekani waliacha kupeleka watoto kwa madaktari, na maagizo ya chanjo za kawaida za utotoni yakashuka kwa ghafla. Ugonjwa unaosubiri nafasi ya namna hiyo ni surua. Mwezi Agosti mwaka huo Wizara ya Afya ya nchi hiyo, chini ya waziri Alex Azar, ilitumia mamlaka yake ya dharura na kuwaruhusu wafamasia wa majimbo yote, pamoja na wanafunzi wa famasia walio kwenye mazoezi chini ya usimamizi, kuagiza na kutoa chanjo kwa watoto wa miaka 3 hadi 18, sheria ya jimbo iseme isemavyo. Hoja kuu ilikuwa ukaribu: takriban Wamarekani 9 kati ya 10 wanaishi ndani ya maili 5, yaani kama kilomita 8, kutoka kwenye famasi, na famasi nyingi hufunguliwa jioni na mwisho wa wiki, wakati ambao kliniki zimefungwa.

Ruhusa hiyo ilikuja na masharti, na inafaa kuyasoma polepole kwa sababu ndiyo yanayoonyesha serikali ilidhani mfamasia anakosa nini. Ilimtaka awe amepata mafunzo yaliyoidhinishwa ya saa 20 au zaidi, yenye sehemu ya vitendo ya kudunga, ya kupima nani anafaa kuchanjwa na nani hafai, na ya kutambua na kutibu dharura baada ya chanjo. Alitakiwa awe na cheti hai cha kuokoa uhai kwa kukandamiza kifua na kupuliza pumzi. Alitakiwa asome angalau saa 2 za chanjo katika kila kipindi cha leseni yake, atazame rejista ya jimbo kabla ya kuchanja, aandike alichokitoa, amjulishe daktari wa mtoto pale alipo, na amwambie mzazi umuhimu wa kumpeleka mtoto kwa daktari kwa uchunguzi wa kawaida.

Saa 20, na katika kozi ya chama saa 12 kati ya hizo ni za kujisomea. Je, zinatosha? Jibu linategemea mtu anaingia darasani na mtaji gani, na hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili za mabishano: wanaosema mfamasia anaweza tu kwa sababu kudunga ni kazi rahisi, na wanaosema hawezi kwa sababu si daktari wala muuguzi. Mfamasia anaijua nusu ya kazi hii kuliko karibu kila mtu katika jengo la hospitali. Nusu ya pili haijui kabisa, na saa nyingi za kozi humrudisha kwenye ile nusu ya kwanza.

Nusu anayoijua ni kichupa. Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Selsiasi, na katika nchi zetu za joto watu huhofia zaidi jua na kukatika kwa umeme. Hofu hiyo ni ya haki, lakini kuganda huiharibu chanjo kimyakimya. Chanjo zenye chumvi za alumini, kama ile ya pepopunda, dondakoo na kifaduro, ya homa ya ini aina B, na ya kuzuia nimonia, zikiganda hupoteza nguvu, na zikiyeyuka hazirudi zilivyokuwa, ingawa kwa macho zinaweza kuonekana nzima. Kuna jaribio la kutikisa ambalo kila mtunza chanjo hulifundishwa: kichupa kinachotiliwa shaka hutikiswa sambamba na kingine cha aina hiyohiyo kilichogandishwa makusudi kisha kikayeyushwa, vyote viwili huwekwa mezani, na kama mashapo ya kile cha shaka yanatuama haraka sawa na ya mwenzake, hicho hakitumiki. Si ajabu katika miji yetu kumwona mtu amenunua chanjo ya homa ya ini kwenye duka la dawa, akafungiwa kwenye mfuko pamoja na pande la barafu, akaibeba kwa daladala hadi zahanati ili adungwe. Nia ni njema na barafu inaonekana kama uangalifu. Kichupa kilicholala kifua kwa kifua na barafu kwa saa nzima huenda kimekwisha kufa kabla ya kufika.

Halafu kuna chanjo zinazokuja zikiwa unga mkavu, kama ya surua na rubela, ambazo lazima zichanganywe na maji yake maalumu, yaliyotoka kwa mtengenezaji yuleyule, na zikishachanganywa zitupwe baada ya saa 6. Hapa hatari si ya nadharia. Julai 2018, katika kisiwa cha Savai'i nchini Samoa, watoto wachanga wawili walifariki dakika chache baada ya kudungwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Chanjo yenyewe haikuwa na kasoro. Wauguzi waliichanganya na dawa ya kulegeza misuli inayotumiwa katika upasuaji, wakidhani ni maji ya kuchanganyia. Wauguzi wawili walifungwa. Serikali ilisimamisha chanjo hiyo kwa miezi kadhaa, wazazi wakaingiwa na hofu, na kiwango cha watoto waliochanjwa kikaporomoka hadi karibu asilimia 31 mwaka huo. Mwaka 2019 surua iliingia Samoa na kuua watu 83, wengi wao wakiwa chini ya miaka 5. Makosa ya aina hiyohiyo yaliua watoto 15 huko Idlib, Syria, mwaka 2014.

Kosa la Savai'i halikuwa la mkono unaodunga wala la kumshika mtoto vibaya. Lilikuwa kosa la lebo: vichupa viwili vidogo, vyenye maji ya rangi moja. Ukimwuliza mfamasia kazi yake ni nini, akiacha ya madarasani, atakwambia ni kusoma lebo mara tatu: unapokitoa kichupa, unapokitumia, unapokirudisha. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomwona mfamasia kama mgeni kwenye chumba cha chanjo. Ila na yeye si malaika. Mwishoni mwa 2021, chanjo ya Korona ya Pfizer ilipoidhinishwa kwa watoto wa miaka 5 hadi 11 huko Marekani, dozi yao ilikuwa mikrogramu 10 katika kichupa chenye kifuniko cha rangi ya chungwa, huku ya wakubwa ikiwa mikrogramu 30 katika kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Foleni ilikuwa ndefu, jokofu lilikuwa moja, na wako watoto waliodungwa dozi ya wakubwa. Rangi ya kifuniko husaidia mpaka kifuniko kinapotolewa. Baada ya hapo vilivyobaki ni mabomba yanayofanana juu ya sinia.

Sasa nusu ya pili, ambayo ni mtoto mwenyewe.

Anza na ule mkono wa juu. Kanuni ya vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya bega ilitungwa kwa bega la mtu mzima. Vidole vitatu vya mfamasia mwenye kiganja kipana, vikilazwa kwenye mkono wa mtoto wa miaka 3, vinaweza kumshusha karibu theluthi ya njia ya kwenda kiwikoni, mahali ambapo msuli umeanza kusinyaa. Akiogopa hilo akapanda juu kupita kiasi, sindano inaweza kuingia kwenye maungio ya bega, na jeraha la namna hiyo huacha maumivu na ugumu wa kuinua mkono kwa miezi mingi. Sindano yenyewe hubadilika: kwa mtoto wa miaka 3 na kuendelea hutumika yenye urefu wa milimita 16 hadi 25 kulingana na unene wa mkono, na mtoto asiyefikisha mwaka hadungwi mkononi kabisa kwa chanjo za msuli, bali upande wa nje wa paja, kwa sababu hapo ndipo penye nyama ya kutosha. Hata akiwa na mwaka mmoja na nusu, paja bado hupendelewa. Makalio, ambako watu wengi wa rika langu ndiko tulikodungwa kila kitu, hayapendekezwi kwa chanjo za watoto: kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaopita hapo, na mafuta yanaweza kuizuia dawa isifike kwenye msuli.

Kisha kumshika. Mtu asiyezoea humlaza mtoto chali na kuomba watu wawili wamkandamize, jambo linalomwongezea mtoto hofu na linalomfanya akaze misuli yote. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015 kuhusu kupunguza maumivu ya chanjo, linashauri mtoto mdogo akae wima mapajani mwa mzazi, akumbatiwe, na anayenyonya anyonye wakati au kabla tu ya kudungwa. Linashauri pia kwamba anayedunga asivute bomba nyuma kwanza kutafuta damu, desturi ya zamani ambayo huongeza maumivu bila faida, na kwamba chanjo inayouma zaidi iwe ya mwisho. Katika vitendo, mama huketi, mtoto hupakatwa upande, mkono mmoja wa mtoto unapita chini ya kwapa la mama kuelekea mgongoni, ule mwingine mama anaushika juu ya kiwiko, na miguu ya mtoto hubanwa kidogo katikati ya magoti ya mama. Mwenye kudunga anabaki na mkono uliotulia na sekunde mbili au tatu za kufanya kazi yake. Maelezo haya yanachukua aya moja kuyaandika na hayafundishiki kwa aya moja. Yanataka mtu ashike watoto ishirini, wengine wakiwa wamelala, wengine wakiwa wameshaona sindano ya mwenzao aliyetangulia.

Mwongozo huohuo haupendekezi kumpa mtoto dawa ya maumivu ya kunywa kabla ya chanjo au wakati wa chanjo. Nalitaja kwa sababu mwenye famasi ana chupa nzima za sharubati ya parasetamoli kwenye rafu nyuma yake, na kishawishi cha kumwuzia mama moja "ikiwa tahadhari" ni kikubwa kuliko alicho nacho muuguzi wa zahanati.

Kalenda nayo ina mitego yake. Chanjo mbili za kudungwa zenye virusi hai, kwa mfano ya surua na ya tetekuwanga, hutolewa siku moja au zitenganishwe kwa wiki 4 zisizopungua. Aliyepewa moja wiki iliyopita hapewi ya pili leo. Mtoto aliyechelewa haanzishwi upya, huendelezwa pale alipoishia, na hesabu ya nafasi kati ya dozi ndiyo humchanganya mgeni wa kazi hii. Lakini kosa ninaloliona kuwa baya zaidi ni la upande wa pili: kumrudisha nyumbani mtoto asiye na sababu ya kurudishwa. Mafua ya kawaida, kikohozi chepesi, kuhara kidogo au homa ndogo havizuii chanjo. Kinachozuia ni vitu vichache, kama mzio mkali uliotokea baada ya dozi iliyopita ya chanjo hiyo, au upungufu mkubwa wa kinga kwa chanjo zenye vimelea hai. Mfamasia amefunzwa tangu mwaka wa kwanza kuogopa madhara ya dawa. Anapokuwa na shaka hukataa kutoa. Tabia hiyo, inayookoa watu dirishani, katika chanjo humwacha mtoto bila kinga, na mama aliyekataliwa mara moja huenda asirudi tena.

Dharura ni nadra. Mzio mkali unaotishia uhai hutokea takriban mara moja katika kila dozi milioni moja, kwa hiyo mfamasia anaweza kuchanja maisha yake yote asiuone. Ugumu uko hapohapo, kwamba ujuzi usiotumika husahaulika. Mtoto anayevimba midomo, anayekoroma kifuani na kulegea dakika chache baada ya chanjo anahitaji adrenalini kwenye msuli wa paja mara moja, kwa miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtoto wa kilo 15 hupata miligramu 0.15, ambayo kwa kichupa cha kawaida cha miligramu 1 kwa mililita ni mililita 0.15, kiasi kidogo hata kukiona kwenye bomba kubwa. Hesabu hiyo ifanywe asubuhi, iandikwe na kubandikwa ukutani, si mama akiwa anapiga kelele. Na kwa kuwa famasi haina mizani ya watoto kila mara, mtu ajue kukadiria. Linalotokea mara nyingi zaidi kwa wenye miaka 11 na kuendelea ni kuzimia kwa woga tu, na ndiyo maana wanachanjwa wakiwa wamekaa na huangaliwa kwa dakika 15. Famasi isiyo na viti viwili na kona ya faragha haijawa tayari, hata kama mfamasia wake ana vyeti vitatu.

Sasa umri wa miaka 3 unaeleweka. Serikali ya Marekani ilichora mstari pale ambapo mkono wa mtoto umeanza kuwa na msuli wa kutosha na mtoto ameanza kuelewa anaposemeshwa. Ila mstari huo una gharama. Dozi nyingi za utotoni hutolewa kabla mtoto hajatimiza miaka 2, kwa hiyo mfamasia aliyeruhusiwa kuanzia miaka 3 hupata zaidi watoto wa kuanza shule, wenye miaka 4 hadi 6, na wale wa miaka 11 na 12 wanaohitaji chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi na nyingine za rika hilo. Chanjo ya Korona ilipofika kwa watoto wa miezi 6 na kuendelea Juni 2022, wazazi wa wadogo kabisa waligundua kwamba famasi nyingi za mtaani haziwezi kuwahudumia.

Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, waliipinga ruhusa ya 2020 waziwazi, na hoja yao ilikuwa na uzito kuliko wivu wa kazi walioshutumiwa nao. Walisema chanjo ni chambo, kwa maana nzuri ya neno hilo. Mzazi huja kwa ajili ya sindano, na akishafika daktari humpima mtoto uzito, husikiliza moyo, hutazama kama anatamka maneno ya umri wake, na humtazama mama mwenyewe. Ukihamishia sindano famasi, mtoto anapata kinga na kukosa hayo mengine. Sharti la kumwambia mzazi aende kwa daktari lilikusudiwa kuziba pengo hilo. Kumwambia ni rahisi, ila aliyesema hana njia ya kujua kama mzazi alikwenda. Nyuma ya yote kulikuwa na fedha. Takriban nusu ya watoto wa Marekani hupata chanjo bure kupitia mpango wa serikali ulioanza mwaka 1994, baada ya mlipuko wa surua wa 1989 hadi 1991 uliowakumba watu wapatao 55,000 na kuua zaidi ya 120. Ni famasi chache zilizojiunga na mpango huo, kwa sababu ya malipo madogo na karatasi nyingi, hivyo mtoto maskini angeweza kufika famasi ya karibu na kuambiwa haimhusu. Mei 2023 ruhusa ya dharura kwa chanjo za kawaida za utotoni ilikoma na mambo yakarudi kwenye sheria za majimbo. Ile ya mafua makali na Korona kwa wenye miaka 3 na kuendelea iliongezwa Desemba 2024 hadi mwisho wa 2029.

Wengine wamepita njia nyingine. Ufaransa, tangu Agosti 2023, mfamasia aliyefunzwa huandika na kutoa chanjo kwa wenye miaka 11 na kuendelea, na hivyo imeukwepa mkono mdogo wenyewe. Uingereza imefanya jambo la werevu zaidi: kuanzia Oktoba 2025 famasi za mitaani huko England zimeruhusiwa kuwapa chanjo ya mafua makali watoto wa miaka 2 na 3, walio wadogo kuliko wa Marekani, kwa sababu chanjo hiyo ni ya kupuliza puani, mililita 0.1 kila tundu, bila sindano. Wasomaji wetu Waislamu walioko London na Leicester wajue kwamba dawa hiyo ya puani ina jelatini ya nguruwe, na kwamba mzazi asiyeiridhia anaweza kuomba ile ya kudungwa; na mfamasia aliyefunzwa vizuri anapaswa kulisema hilo kabla ya kuulizwa.

Je, yanatuhusu Afrika Mashariki? Kwa sehemu, na si kwa namna inayodhaniwa. Tanzania imejenga mpango wake wa chanjo tangu 1975 juu ya muuguzi na kliniki ya mama na mtoto, chanjo ni bure, na siku ya kliniki mtoto hupimwa uzito, hupewa matone ya vitamini A, na kadi yake hujazwa. Kile chambo wanachokililia madaktari wa Marekani, sisi bado tunacho. Pia watoto milioni 14.3 waliokadiriwa duniani mwaka 2024 kutopata hata dozi moja wengi wako vijijini kabisa na kwenye vita, ambako famasi haipo. Wafamasia wetu wamejaa mijini. Na anayekaa nyuma ya dirisha la duka la dawa mara nyingi si mfamasia. Maduka ya Dawa Muhimu, yaliyoanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, huendeshwa na watoa dawa waliopata mafunzo ya wiki chache tu, na yameokoa vijiji vingi kutoka kwenye dawa za kubahatisha, lakini mtu huyo hajafunzwa kudunga mtoto. Sheria itakayosema "mfamasia" na kuachia neno hilo litafsiriwe mtaani itatoa sindano kwa mikono isiyokusudiwa.

Mahali ambapo mfamasia wa mjini angeweza kutufaa ni dozi ya pili ya surua na rubela, ya miezi 18. Dozi ya kwanza hutolewa miezi 9, mama akiwa bado na mazoea ya kliniki. Miezi 18 mtoto anatembea, mama amerudi sokoni au kazini, na foleni ya asubuhi inamgharimu siku nzima ya kipato. Famasi iliyo wazi saa moja usiku ingemkuta. Mtaala wa mfamasia huyo, kama ningeombwa kuuandika, ungefupisha masomo ya kinga na uhifadhi, ambayo ameyasoma chuoni, na kumpeleka wiki mbili kwenye benchi la kliniki, asubuhi hadi mchana, apakatishe watoto kwanza, adunge baadaye, na ajaze kadi kwa mwandiko ambao muuguzi wa zahanati nyingine ataweza kuusoma.

Hata hapo pangebaki swali ambalo halimo kwenye kozi yoyote niliyoitaja. Chanjo ya surua na rubela katika mipango ya umma huja mara nyingi katika vichupa vya dozi 10, na baada ya kuchanganywa ina saa 6. Kliniki hukusanya watoto siku maalumu ili kichupa kiishe. Famasi itapata mtoto mmoja saa moja usiku, labda wawili, na italazimika kuamua kama itafungua dozi 10 kwa ajili yao, nani atalipia nane au tisa zitakazotupwa, na mama ataambiwa nini ikiwa jibu ni kwamba arudi Jumanne.